Kuonekana si Kukaa

Szeged, Januari. Mto Tisza umeganda kingoni,
na ghorofa ya tatu, kipasha joto kikigugumia,
Piroska Vadász amenirudishia kazi yangu ya kwanza
ikiwa na mstari mwekundu mmoja tu,
mwembamba kama uzi wa buibui.

Nilikuwa nimeandika: protini Bodza-3. Mahali: kiini cha seli.
Picha ninayo. Hamira imewaka kijani,
na katikati ya kila seli, doa,
jicho la paka gizani.
"Umeiona," akasema. "Sikatai.
Lakini nani aliialika humo?"

Nikarudi kusoma, safari hii ukurasa wa mbinu,
yale maandishi madogo tunayoyaruka kama dimbwi.
Walikuwa wameizidisha mara arobaini.
Ikafurika, ikamwagikia popote penye nafasi,
kama wageni wa arusi waliokosa viti
wakaenda kuketi jikoni.
Ukiwakuta jikoni, utawaita wapishi?

Ana daftari la maelekezo, jalada lina doa la paprika.
Kuna ukurasa wenye neno moja: *Subiri.*
Kwingine kumejaa:

*Usiandike njia, andika kituo.
Protini ya utando huzaliwa kwenye ribosomu,
hupita Golji ikavishwa sukari zake, ikaendelea.
Abiria si mwenyeji wa kila stesheni aliyochungulia dirishani.*

Halafu pembeni, kwa wino wa buluu, mwandiko wa siku nyingine:
*isipokuwa kusafirisha ndiyo kazi yake.
Kondakta wa treni ya Budapest, njia ndiyo ofisi.*

*Ukivunja seli ukaizungusha, mitokondria zitashuka chini
na vyote vilivyozing'ang'ania.
Tope la kwenye buti si sehemu ya buti.*

*Usiingie ndani kuliko ushahidi ulivyokuingiza.
Mwandishi akisema "mitokondria",
usimsaidie kwa kuandika "utando wa ndani".
Huo ni ukarimu. Hapa ukarimu ni uongo.*

Basi tusiandikie mate na wino ungalipo;
na wino ukikosekana,
ukurasa mweupe nao ni jibu.

Mchana alikula mkate na kitunguu cha Makó,
akimenya kila gamba polepole kama anayetafuta kitu.
Akanieleza habari za Ernő, bila kuulizwa.
Miaka ishirini na miwili, rejista ya mji ilisema
anaishi Mtaa wa Mnara, mlango wa tisa.
"Alilala pale," akasema. "Viatu vyake vilikuwa pale.
Lakini alikuwa anatengeneza vinanda, ng'ambo ya mto,
na siku karakana ilipofungwa
nilibaki na mtu anayeonekana."
Akafuta makombo mezani kwa ukingo wa kiganja.
"Ningekuwa namwandika leo,
sijui ningejaza nini."

Nikashika makala nyingine, ya zamani, ya kurasa nne,
picha zake za kijivu, hakuna kinachong'aa.
Watu hawa waliing'oa jeni kabisa,
wakaona vakuoli inashindwa kufunga lango lake, inavuja.
Kisha wakairudisha Bodza-3 kidogo, kiasi chake cha kawaida,
wakaifunga kwenye utando wa vakuoli isiweze kwenda kwingine.
Lango likafunga.
Hapo. Si ilipoonwa; ilipohitajika.

Nikafuta "kiini". Nikaandika upya,
na kando yake namba ya makala, na aina ya ushahidi.
Piroska akasoma, hakusema kitu,
akaweka kalamu nyekundu kwenye kikombe.

Saa kumi na mbili nilishuka. Daraja lilikuwa linateleza,
watu wanapita wakiwa wamejikunja ndani ya makoti,
na sikumpa yeyote anwani.
Nilipogeuka, dirisha la ghorofa ya tatu lilikuwa na taa,
na chini ya taa, kichwa kimeinama.

Picha moja tu, na kwa mbali. Haitoshi, najua.
Lakini mkono ulikuwa unakwenda.