Doto Katangulia

Nyamizi alikuja na karatasi mbili ndani ya pindo la khanga,
akazitandaza juu ya kaunta ya dawa, akazinyoosha kwa kiganja.
"Someni wenyewe," alisema. "Mimi nilikuwepo."

Kulwa: mosi Julai, saa sita na dakika kumi usiku.
Doto: thelathini Juni, saa tatu na dakika thelathini na moja usiku.
Mdogo kamzidi mkubwa tarehe nzima,
kafika Kiloleni kabla ya aliyemfungulia mlango.

Muuguzi Igonzela akanipigia simu.
Nilikuwa Isevya, nafunga king'amuzi cha watu;
nikaja na baiskeli, vumbi hadi kwenye nyusi.

Seva yao inaishi chini ya rafu ya sindano,
boksi jeusi, feni inakohoa,
stika ya mradi uliokwisha.
Nikaigusa: ina joto. Nikaiuliza, saa ngapi?
Ikanijibu bila haya: saa moja na robo asubuhi,
na huko nje watoto wa shule wameshatoka mapumziko.

Haikuwa mbovu. Hilo ndilo lililoniudhi.
Sekunde zake zilinyooka kuliko za simu yangu.
Haikupotea saa, ilipotea mahali:
ilidhani iko Griniwichi, kwenye ukungu,
na hakuna aliyewahi kuiambia,
umefika Unyamwezi, kaa.

Aliyenitangulia alijaribu. Niliona nyayo zake kwenye kumbukumbu.
Alisukuma saa mbele kwa mkono, saa tatu, akaenda zake.
Usiku mashine ikauliza mtandao,
mtandao ukairudisha ilikotoka.
Akasukuma tena. Ikarudi tena.
Kufunga mbuzi kwa kivuli cha kamba.

Nikafungua orodha ya miji ya dunia.
Tabora hamna.
Nikashuka, nikapanda, hamna.
Nikachagua Dar es Salaam, kama tulivyozoea,
nikaiwasha upya.
Boksi likasema saa nne na nusu. Nikajipigia makofi.
Programu ya vizazi ikasema saa moja na nusu.

Kumbe mlikuwa na saa ndani ya saa.
Hifadhidata ilikuwa na yake, kwenye faili jingine,
mstari mmoja, herufi tatu.
Nikazifuta. Feni ikakohoa. Zikapatana.

"Na Kulwa je? Mbona yeye yuko sawa?"
Igonzela akakumbuka: umeme ulikatika.
Kulwa alipotoka, aliimulika saa ya ukutani kwa tochi ya simu,
akaandika daftarini, baadaye akaichapa kwa vidole vyake.
Doto alikuja pamoja na umeme,
naye akabonyeza tu kitufe cha *sasa hivi*.
Sasa hivi ya nani, hakuuliza.
Nani huuliza?

Kurekebisha saa hakurekebishi yaliyokwisha andikwa.
Miaka miwili imo humo.
Kila aliyezaliwa kati ya saa sita na saa tisa za usiku
amesukumwa jana yake;
mmoja wao, wa mkesha wa mwaka mpya,
amepewa mwaka ambao hakuuona.
Vyeti vimeshatoka, viko Urambo, viko Sikonge,
chini ya nguo, ndani ya masanduku ya bati.
Niliwahesabu, nikaandika kiganjani: arobaini na sita.
Jasho likaifuta sita.

Nyamizi alisikiliza yote, mmoja mgongoni, mmoja kifuani ananyonya.
"Sasa hizo saa tatu," akasema, "mwanangu alikuwa wapi?
Maana tumboni nilikuwa naye. Alikuwa ananipiga mateke."

Sikuwa na jibu. Nilichapisha karatasi mpya,
ikatoka ingali moto.
Akaisoma taratibu, dole gumba likiufuata mstari,
kisha akamtazama aliyekuwa ananyonya:

"Haya, Doto. Rudi nyuma, mpishe mwenzako."