Ukurasa wa Tisa

Fomu ya mkaguzi ilikuwa na kurasa arobaini.
Wa tisa uliuliza: Akaunti za walioondoka zimefungwa?
Nikatia vema.
Baridi ya Makambako, chai imeshika utando,
nilitaka kumaliza.

Leo saa nane usiku kioo kinaniambia:
Mlowe ameingia.

Mlowe tuliyemzika Igowole mwezi wa tatu,
udongo mwekundu ukagoma kutoka viatuni.
Mlowe aliyeijua laini ya Njombe
kama mama ajuavyo kikohozi cha mwanawe.

Swichi ya kwanza ikaachia.
Ya pili.
Njombe ikazama gizani, na wodi zake.

Nikang'oa waya wa mtandao,
nikakimbilia uwanjani na tochi,
nikarudisha umeme kwa mkono.

Alfajiri, kalamu ile ile:
Hapana.
Saini, T. Sanga.