Wanalika

Soko la Kuopio, baridi ya Machi,
Tauno Rissanen hapigi debe.
Jirani yake wa jibini anapaza sauti, anaapa kwa mamaye;
yeye anafuta kisu kwenye aproni.

"Wakoje leo?"
"Wanalika."

Basi. Chumvi yote
ameimaliza kwenye samaki,
hakubakiza ya maneno.

Nilipong'ang'ania akashuka zaidi:
"Wa jana walikuwa afadhali.
Moshi umezidi kidogo.
Miiba ipo."

Nikanunua sita. Nikala nimesimama,
mafuta yakichuruzika hadi ndani ya mkono wa koti,
nikarudi kwenye foleni, ulimi ukitafuta neno kubwa
na kulikosa.

"Wanalika," nikasema.

Akawa mwekundu hadi masikioni.
Akanifungia wa saba kwenye gazeti, bure:
"Huyu hata usimhesabu."