Michembe

Fundi Masalu aliweka sikio juu ya kompyuta
kama mkunga juu ya tumbo,
akasema: "Diski hii inagonga meno.
Leo, kesho, au mwezi wa nne. Sijui.
Mimi si Mungu, mimi nina kibanda Makoroboi."
Akapokea elfu tano yake, akashuka mawe ya Bugarika,
akasahau bisibisi moja mezani.

Nikabaki nayo.
Miaka kumi na moja ndani ya bati lile la kijivu:
hesabu za dagaa wa Kirumba, gunia kwa gunia,
nani alikopa, nani alilipa nusu akahamia Geita,
barua ya kuomba kazi niliyoiandika mara thelathini,
picha za Limi kabla hajaota meno,
na nyingine, mia mbili hivi, za mawingu tu,
nilizipiga sijui kwa nini.

Mama yangu hakulijua neno nakala.
Lakini mwezi wa sita, viazi vikizidi hadi mbuzi wanasusa,
ndipo alipokaa chini kuvikata,
vipande vyembamba, akavianika juu ya jiwe.
Majirani wakamcheka:
"Ng'wasi, unaogopa njaa ipi, na vihenge vimejaa?"
Hakujibu. Hakuwa mtu wa kuongea akiwa na kisu mkononi.
Na michembe ikikauka hakuiweka yote pamoja,
sehemu ilivuka maji kwenda Sengerema kwa shangazi.
"Vihenge viwili ndani ya ua mmoja," alisema,
"moto huvihesabu kimoja."

Basi usiku ule nikachomeka diski ya nje.
LUKU imebaki yuniti mbili nukta nne,
na ziwani, upande wa Ukerewe,
radi imeshaanza kusafisha koo.
Asilimia kumi na nne.
Asilimia kumi na nne.
Asilimia kumi na tano.
Nikachemsha chai kwa mkaa nisile umeme wake.
Nikamsema Masalu. Nikajisema.
Mara ngapi nilisema Jumamosi,
na Jumamosi zikaja kama magugumaji,
moja moja, kijani, hazina haraka,
hadi zikaziba mwalo.

Saa nane usiku vyote vilikuwa vimevuka, isipokuwa faili moja.
Haisomeki, ilisema mashine.
Nikajaribu tena. Haisomeki.
Naijua kwa jina: mama viazi, dakika nne na nusu,
sauti yake akinifundisha unene wa kukata.
Kunakiliwa ilikataa.
Kusikilizwa ilikubali, kwa shida,
ikikwama, ikiruka, kama mzee anayepanda mlima wetu.
Nikaweka simu mbele ya spika,
nikabana pumzi, nirekodi kilichobaki.

Hapo ndipo mvua iliposhuka juu ya bati.
Yote. Kwa pamoja.
Mvua ya ziwa haipigi hodi.

Sasa nakala ziko mbili,
moja chini ya kanga kabatini,
moja ng'ambo kwa binamu Nyanzobe,
ndani ya kopo la majani ya chai.
Mashine bado inawaka. Mwezi wa nne umepita,
na Masalu akiniona sokoni anageukia nyanya.
Bisibisi yake ninayo.

Ukiisikiliza, utamsikia mama: "Nyembamba, mwanangu,
lakini isiwe ya kuonea jua."
Dakika ya pili anameza sentensi nzima,
sitaipata tena, nimeshaacha kuitafuta.
Kisha bati linanguruma,
kisha mimi nakohoa, mara moja,
kisha ananiita, kwa nguvu, kama aliye nje,
"Kabula! Kabula, ingiza viazi!"

Kwenye ile ya kwanza hapakuwa na mvua.
Siku ile lilikuwa jua kali,
na alikuwa anatania.