Juu ya Tuta

Kioo kina taa ndogo zilizokizunguka shingoni,
hakizidi mfuniko wa chupa ya soda.
Natia tone la jeli, nakilaza juu ya ngozi,
nasogeza jicho mpaka kope ziguse.
Urambo yote hupotea: foleni, vumbi, honi za pikipiki.
Inabaki ngozi,
na pumzi yangu niliyoizuia.

Asubuhi aliletwa Mihayo, miaka saba,
kichwa kimejaa mashilingi.
Mwalimu kamrudisha nyumbani, bibi kampaka majivu,
kinyozi kamnyima kiti.
Mama yake akauliza: hiki ni kijicho cha nani?
Nikainama. Nikaona nywele zilizokatika, zikapinda,
moja, mbili, saba, kila moja mkato
kama ule tuliofundishwa darasa la tatu:
pumua kidogo, halafu endelea.
"Ni fangasi," nikasema. "Hapa hamna kijicho.
Vidonge, wiki nane, ameze akishakunywa maziwa."
Mama akacheka kicheko kibaya,
cha mtu aliyekwisha kugombana na jirani bure.

Saa saba akaingia Kashindye wa Usoke,
mkulima wa tumbaku, vidole vimeganda gundi ya majani.
Alikuja kwa kikohozi cha moshi wa bani.
Doa nililiona mimi, alipokunja mguu kitandani.
"Mwiba huo," akasema. "Ulivunjikia humo, mwaka wa pili sasa."
Nikausugua unyayo kwa spiriti. Nikakilaza kioo.

Mnaolima mtanielewa.
Unyayo wa mtu ni shamba lililokwisha kupigwa matuta:
tuta, mfereji, tuta, mfereji,
na mgongoni mwa kila tuta vitundu vya jasho
vimejipanga kama mashimo yanayongoja miche.
Weusi ukilala mferejini, mara nyingi namwambia mtu
vaa kiatu, nenda zako.
Nikautafuta mferejini.
Nikafuta, nikatia jeli upya, nikainamisha taa,
nikautafuta tena mferejini
kama mtu anayepekua mfuko anaojua ni mtupu.

Ulikuwa juu ya tuta.
Tuta baada ya tuta, umekaa juu.

Nikaupiga picha kwa simu, nikampa aone.
Akaikuza kwa vidole viwili, skrini ikanata.
Alitazama sana.
"Haya ni matuta."
"Ni matuta."
"Na huu mweusi ndio uliopandwa."
Nikakosa neno bora kuliko lake.
"Ekari ngapi?" akauliza,
na sikujua kama nicheke.
Rula ilisema milimita kumi na moja.

Nikaandika barua ya kwenda Kitete, wakate kipande, wapime,
maana kioo hiki kinanong'ona tu, hakiapi.
Nikaandika *haraka*, nikaipigia mstari,
nikapiga mstari wa pili, kalamu ikatoboa karatasi.
Akauliza kama inaweza kungoja soko la tumbaku lifunguliwe.
Nikasema hapana.
Akauliza tena, safari hii kwa kuzunguka, akianzia kwenye deni la mbolea.
Nikasema hapana.

Akaikunja barua ndani ya kitabu cha chama cha msingi.
Akavaa katambuga zake, akavuka uwanja kwenye jua la saa nane,
mguu mmoja ukikanyaga kwa kisigino tu,
kama mtu anayekwepa mche.