Jibini Namba Tatu

Bilauri kumi na mbili, nne za kuazima
kwa Rwabwogo jirani, moja ina ufa.
Jibini juu ya ubao wa kumenyea matoke;
niliusugua kwa limau, bado unanuka matoke.
Chupa nimezivika soksi za mume wangu
ili watu wasisome, waonje.

Wakaonja. Mwalimu Byaruhanga akafumba macho,
akatamka "mwaloni", mti ambao Mbarara nzima
hakuna aliyewahi kuegemea.
Mkewe akasema anasikia jua.
Nami naandika kila neno,
najiona mwenyeji hasa.

Saa mbili akaingia Katushabe na mabuti ya mpira,
yeye anayenusa mikebe ya maziwa kila alfajiri
pale kituoni: huu pita, huu rudi nao nyumbani.
Namba hakuuliza. Akamega kipande cha tatu,
akakiacha ulimini, akanyamaza
hadi mtu akakohoa.

"Ng'ombe huyu amelamba chumvi," akasema.
"Na aliyemkamua alikuwa na haraka.
Au alikuwa analia, sijui,
maziwa hayakupewa muda."

Nikaigeuza karatasi, ingawa nilijua.
La tatu limetoka Kazo, kwa kaka yangu,
wiki ile tuliyomzika baba.

Hakuna aliyegusa ubao.
Katushabe akavuta kiti, akajimiminia divai
katika ile bilauri ya ufa,
akapiga funda, akakunja uso.
"Hii sasa siijui," akasema. "Ni tamu tu.
Niongezeni."