Kishikio cha Mdila

Baladia ya Fahahili imebandika tangazo msikitini:
mwenye kipande chochote cha mdila wa zamani
akilete. Haulizwi neno.

Ulisimama katikati ya mzunguko, kimo cha watu wanne,
shaba ya manjano, mdomo umeinama
ukimimina maji usiku kucha
ndani ya kikombe kisichojaa.
Sisi tuliotoka Unguja tuliucheka kwanza:
kahawa yote hii, na halua iko wapi?

Mwezi wa tatu wa uvamizi wakaja gereji.
Taa za barabarani walikwisha zing'oa,
nyaya wamezivuta ardhini
kama mtu afumuaye pindo la nguo.
Sasa walitaka mkataji, mwenye gesi na miwani.
Koplo alikishika kitambulisho changu kwa vidole viwili.
"Wewe wa wapi hasa?"
Swali hilo nimeulizwa bandari tatu.

Nikaanza na mkono wake.
Moto wa gesi hauchagui, unauma unapoelekezwa.
Kila pande lililoanguka lililia
kama sinia lililoponyoka jikoni siku ya arusi.
Bi Zuwena wa duka la vitambaa alifunga dirisha.
Hakulibamiza. Alilifunga polepole, akinitazama.

Ndani mlikuwa na viota vya njiwa, chupa ya soda,
na chaki ya fundi aliyeuunda: *huku juu*.
Kisha saruji na nondo.
Shaba ilikuwa ngozi tu, ganda la yai.
Mizani ikasema kilo mia mbili na kumi.
Koplo akatukana dakika nzima:
hata risasi za asubuhi moja hazitoki hapa!
Nilitaka kucheka.
Suruali yangu ilikuwa imelowa.

Mdila wa mama nao ulipimwa kwa mizani,
Dar es Salaam, na mnunuzi aliyeugonga kwa ukucha.
Ukawa nauli. Ukawa mimi.
Basi mtu aliyetoka tumboni mwa mdila
akapewa moto, akaambiwa kata.

Sasa wamesimamisha mwingine,
wa plastiki ngumu iliyopakwa rangi ya dhahabu.
Hauibiki kwa faida. Ndiyo akili.
Ila miaka yote mzunguko ulipokuwa mtupu
abiria waliendelea kusema, "Nishushe mdilani,"
na dereva akasimama palepale.

Kishikio cha kifuniko ninacho mimi,
ukubwa wa komamanga.
Nilikitia katika gunia la mchele siku ile ile,
mbele ya macho yao.
Leo kinazuia mlango wa chumba usipigwe na upepo.
Mjukuu aliuliza ni nini, nikamwambia jiwe.
"Mbona lina mshono?"

Siku ya mwisho ni Alhamisi.
Usiku huu nimekisugua kwa ndimu na majivu
hata uso wangu ukaonekana, umepinda.
Viatu nimevaa. Mlango u wazi.

Haulizwi neno, wanasema.
Ndilo linalonizuia kutoka.